Kodi Haingoji Hukumu

Karatasi ya kumtoa mfanyabiashara dukani, pale River Road au Luthuli Avenue jijini Nairobi, haiji na kishindo. Huletwa na karani wa wakala wa nyumba, au kijana wa ofisi ya wakili mwenye bahasha kadhaa za aina hiyo. Mwenye duka anatia sahihi juu ya kaunta huku mteja mmoja anauliza bei na mwingine anasubiri chenji. Akipata nafasi ya kuisoma anakuta amepewa miezi miwili, na sababu imeandikwa: jumba litabomolewa, au mwenyewe analitaka, au kodi imecheleweshwa mara kwa mara. Usiku huo maswali mawili yanamnyima usingizi. La kwanza ni atahamia wapi. La pili hulisema kwa hasira: mtu ananifukuza, kodi ya mwezi ujao nimlipe ya nini?

Swali hilo la pili ndilo linalowamaliza watu. Wapo waliokuwa na hoja nzuri kabisa, notisi waliyopewa ilikuwa na kasoro na sababu zake zilikuwa za kubuni, lakini siku ya kusikilizwa kesi mwenye jumba alifika na karatasi moja tu: hesabu ya miezi isiyolipwa. Duka la kodi ya shilingi 60,000 kwa mwezi, kesi ikachukua miezi minane, ni deni la shilingi 480,000. Mbele ya deni hilo hoja nzuri hukosa nguvu, maana hata huruma ya hakimu haina pa kushika.

Jibu la swali hili lina umri wa karne nyingi na halikuzaliwa Nairobi. Nimelifuata kinyumenyume hadi chanzo chake, kwa kuwa naamini anayejua sheria hii ilikotoka hadanganywi kirahisi na wakili, na dalali, wala na jirani wa duka la pili mwenye ushauri wa bure.

Chanzo kiko Marlborough, mji mdogo wa Wiltshire kusini mwa Uingereza, mwezi Novemba 1267. Mfalme Henry III alikuwa ametoka kupigana na mabwana wakubwa wa nchi yake, na katika vurugu hizo kila mwenye nguvu alikuwa amejigeuza mahakama. Mwenye ardhi aliyedai kodi hakuhitaji hakimu. Aliingia kwa mpangaji, akatoa ng'ombe au vyombo, akavishikilia mpaka alipwe. Sheria zilizotolewa Marlborough zilikataza mtu kujilipizia kisasi kwa jirani yake bila amri ya mahakama. Kodi iliachiwa dawa yake ya kukamata mali, lakini dawa hiyo ikawekewa mipaka: mali inayokamatwa isizidi kiasi kinachostahili, isiswagwe nje ya wilaya, wala mtu asivamiwe barabarani. Sura ya kwanza ya sheria hiyo, ile ya kisasi, ingali hai katika vitabu vya Uingereza hadi leo.

Kwa zaidi ya miaka mia nne baada ya hapo, mali iliyokamatwa ilikuwa rehani tu. Mwenye nyumba aliweza kukaa nayo lakini hakuweza kuiuza. Mwaka 1689 Bunge la London lilibadilisha hilo: mali ikikamatwa kwa deni la kodi, na siku tano zikapita bila deni kulipwa wala mpangaji kufungua kesi ya kuirudisha, itathminiwe na kuuzwa. Hapo ndipo dalali alipoingia katika hadithi ya kodi, naye hajatoka tangu hapo.

Kesi moja ya mwaka 1744 nataka nikae nayo kidogo. Fundi mmoja wa kufuma soksi alikuwa amekodi mashine ya kufumia kutoka kwa mtu aitwaye Simpson. Fundi akadaiwa kodi ya nyumba. Hartopp, kwa niaba ya upande wa mwenye nyumba, akaingia akaichukua mashine. Wakati huo mwanagenzi wa yule fundi alikuwa ameikalia, anafuma. Simpson alikwenda mahakamani kudai mashine yake, na Jaji Mkuu Willes, katika kuamua, akapanga orodha ambayo wanasheria wanaifuata mpaka leo. Kitu kilichojengewa kwenye nyumba hakikamatwi. Mali aliyokabidhiwa fundi na mteja ili aitengeneze haikamatwi: kitambaa kwa mshonaji, nafaka kwa msagaji. Mavuno yaliyofungwa matita shambani yasiguswe. Ng'ombe wa kulimia na zana za kazi zisiguswe ikiwa kuna mali nyingine ya kutosha deni. Na kilichomo mikononi mwa mtu akikitumia saa ileile hakinyang'anywi, maana kukinyang'anya ni kuchokoza vita. Simpson alishinda.

Mshonaji wa Biashara Street anayeshona suti ya bwana harusi leo hajawahi kusikia jina la Willes. Hata hivyo kanuni ya kwamba kitambaa cha mteja si mali ya kulipia kodi ya fundi ilimfikia kwa njia iliyonyooka. Sheria ya Kenya ya kukamata mali kwa kodi, Sura ya 293, iliyoachwa na wakoloni na ingali inatumika, inasema bila kificho kwamba anayedai kodi atakuwa na haki ileile ya kukamata mali iliyotolewa na mila za sheria za Uingereza kwa shauri la namna hiyo. Sentensi hiyo moja ilibeba mzigo wote wa kale na kuushusha Nairobi, pamoja na kinga zake.

Lakini tusiruke hatua. Hatua muhimu kuliko zote kwa mfanyabiashara wetu ni ya mwaka 1730. Bunge la Uingereza lilitunga sheria yenye pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa mkali: mpangaji aliyepewa notisi ya maandishi, muda wake ukaisha, akang'ang'ania kwa makusudi, atalipa mara mbili ya thamani ya mahali hapo kwa muda wote atakaoendelea kukaa. Mwaka 1737 ukaongezwa ukali mwingine kwa mpangaji aliyetoa notisi yeye mwenyewe kisha asiondoke: alipe kodi mara mbili. Upande wa pili ulikuwa wa rehema. Mpangaji anayeshitakiwa kwa kutolipa kodi, akileta malimbikizo yote pamoja na gharama za kesi kabla ya shauri kusikilizwa, kesi inakoma hapohapo. Anabaki katika nyumba yake kwa mkataba uleule.

Nimeusoma upande huo wa pili nikaona ndani yake mkataba mzima kati ya sheria na mpangaji. Sheria haikumwuliza kama ni mtu mwema, wala kama mwenye nyumba ni katili. Ilimwuliza fedha iko wapi. Akiwa nayo, analindwa. Akiwa hana, hakuna wa kumtetea. Kila ulinzi uliotungwa baada ya hapo, katika kila nchi niliyoifuata, umejengwa juu ya msingi huo.

Kanuni hiyo ilivuka bahari kwa njia ya India. Mwaka 1882 serikali ya Waingereza kule India ilitunga Sheria ya Uhamishaji wa Mali. Kifungu chake cha 108 kinamtaka mpangaji alipe kodi kwa wakati na mahali panapostahili. Kifungu cha 114 ni mtoto halali wa ile sheria ya 1730: mpangaji anayetolewa kwa kutolipa, akileta malimbikizo, riba na gharama siku ya kusikilizwa, mahakama inaweza kumrudishia haki yake kana kwamba hakuna lililotokea. Mwaka 1897 watawala wa Afrika Mashariki waliamuru sheria kadhaa za India zitumike huku, hii ikiwa mojawapo. Miaka miwili baadaye, mwezi Mei 1899, reli ilifika kwenye kinamasi kilichoitwa Nairobi. Hivyo sheria ya kupangisha ilitangulia mji wenyewe. Ilidumu Kenya hadi 2012 na Tanzania Bara hadi Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipoifuta.

Mji ulipoota, maduka yalikuja kabla ya takriban kila kitu kingine. Soko la Wahindi lilikuwa vibanda vya mbao na mabati vilivyosongamana. Mwaka 1902 tauni ilipozuka, wakubwa walilichoma moto lote. Likajengwa tena. Mmoja wa walionunua na kujenga kwa wingi alikuwa Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi aliyefika Mombasa mwaka 1890 na kutajirika kwa kuihudumia reli. Majumba yake yalipangishwa na wafanyabiashara, hata na serikali yenyewe. Bustani yenye jina lake, aliyowapa watu wa Nairobi mwaka 1906, ipo bado katikati ya jiji. Ukitoka hapo kwa miguu kuelekea Biashara Street, utapita mitaa ambayo ndani yake mpangaji na mwenye jumba wamekuwa wakivutana kwa zaidi ya miaka mia moja, na ghorofani juu ya maduka utaona miaka ya ujenzi imechongwa kwenye vipaji vya majengo.

Katika mitaa hiyo mpangaji wa duka hakuwa na kinga kubwa. Akilipa, anakaa mpaka mkataba uishe, ukiisha, anatoka. Jina alilolijenga kwa miaka kumi na tano, wateja waliozoea kuja pale pale, rafu alizozigharimia, vyote alimwachia mwenye jumba bure. Uingereza yenyewe ilikuwa na kilio hicho. Mwaka 1927 ilijaribu kumpa mwenye duka fidia ya jina zuri la biashara yake, lakini fidia hiyo ilikuwa ngumu kuithibitisha. Kisha vikaja vita, na mabomu ya 1940 na 1941 yakateketeza maduka mengi ya London na miji mingine. Mahali pa kufanyia biashara pakawa adimu, na wenye majumba wakajua. Scotland ilitangulia kuchukua hatua mwaka 1949: mwenye duka aliruhusiwa kumwomba hakimu wa wilaya amwongezee hadi mwaka mmoja. England na Wales wakaweka sheria ya muda mwaka 1951, na hatimaye sheria ya kudumu ya 1954.

Sheria hiyo ya 1954, sehemu yake ya pili, ndiyo mama wa sheria ya Kenya. Ilisema kwamba upangaji wa biashara haufi kwa sababu tarehe ya mkataba imepita. Unaendelea mpaka utolewe notisi rasmi, yenye muda usiopungua miezi sita, na mwenye jumba lazima ataje sababu kutoka katika orodha iliyowekwa. Kuchelewesha kodi mara kwa mara ni mojawapo. Mpangaji akienda mahakamani kwa wakati, anabaki dukani mpaka hukumu itolewe.

Hapo ndipo kosa kubwa lilipojificha, na lilichukua miaka 15 kurekebishwa. Wakati wa kesi mpangaji aliendelea kulipa, ndiyo, lakini alilipa kodi ya zamani. Bei zilikuwa zinapanda. Duka lililokodishwa kwa bei ya miaka kumi iliyopita lilikuwa sasa na thamani kubwa zaidi, na kila mwezi wa kuahirisha ulikuwa faida kwa mpangaji. Basi mawakili wakaahirisha. Kinga iliyokusudiwa kumwokoa mwenye duka mdogo ikawa kichaka cha makampuni makubwa yenye mawakili wa kutosha. Tume ya Kurekebisha Sheria ya Uingereza ikaliona jambo hilo, na mwaka 1969 Bunge likaongeza kifungu cha 24A: mwenye jumba aweze kuiomba mahakama ipange kodi ya muda, itakayolipwa tangu kesi inapoanza mpaka itakapokwisha. Mwaka 2004 haki hiyo ikafunguliwa kwa mpangaji pia, kwa kuwa soko linaweza kushuka, na kulipa kodi ya juu ya zamani huku kesi ikijivuta ni dhuluma ileile imegeuzwa upande.

Kenya ilitunga yake mwaka 1965, nchi ikiwa na miaka miwili tu ya uhuru. Inaitwa Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa, Sura ya 301. Mstari wake wa kwanza unasema shabaha yake bila kuzunguka: kuwakinga wapangaji wa sehemu hizo dhidi ya kufukuzwa na kunyonywa. Inamlinda mwenye mkataba wa mdomo, na mwenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano, au unaoweza kuvunjwa ndani ya miaka mitano bila mtu kukosea masharti. Kwa maneno mengine inamlinda mtu wa kawaida. Kampuni yenye mkataba wa miaka kumi hutafuta haki yake kwingine, katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Utaratibu wake ni huu. Mwenye jumba anatoa notisi kwa fomu maalumu, isiyo chini ya miezi miwili, yenye sababu zilizotajwa na sheria. Mpangaji ana mwezi mmoja wa kumjibu kwa maandishi kama anakubali au anakataa. Akikataa, na akapeleka shauri lake kwenye Baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe ya notisi, notisi ile inakosa nguvu mpaka Baraza liamue. Baraza hilo watu wengi hulitaja kwa herufi zake tu, BPRT.

Notisi ikikosa nguvu maana yake nini? Wengi husikia kwamba kila kitu kimesimama. Kilichosimama ni kufukuzwa peke yake. Upangaji unaendelea na masharti yake yote, na sharti la kwanza la upangaji ni kodi. Tena sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 7, inataja miezi miwili ya kutolipa kodi baada ya siku yake kufika kuwa sababu halali ya kumtoa mpangaji. Kwa hiyo mtu aliyepewa notisi ya uongo kuhusu kubomoa jumba, akagoma kulipa kwa hasira, baada ya miezi miwili amempa mwenye jumba sababu ya kweli ambayo hakuwa nayo mwanzo.

Mtu ataniambia kwamba kugoma ni silaha ya wanyonge, na historia inayo mifano. Kweli inayo. Mwaka 1881 viongozi wa wakulima wa Ireland, wakiwa gerezani Kilmainham, waliwatangazia wapangaji wasilipe kodi kabisa, na mwito huo haukufika mbali. Miaka mitano baadaye wakaja na mpango mwingine: wapangaji wa shamba moja waende pamoja wampe mwenye ardhi kiwango wanachokiona cha haki, na akikataa waweke fedha hiyo katika mfuko wao wa kuwasaidia watakaofukuzwa. Mpango huo uliwasumbua wenye ardhi kuliko ule wa kwanza, mpaka serikali ikautangaza kuwa jinai. Glasgow mwaka 1915 wanawake wakiongozwa na Mary Barbour waligomea kodi iliyopandishwa wakati wa vita, na kabla mwaka haujaisha Bunge likazuia kodi za nyumba kupanda. Hapa kwetu wakazi wa Ng'ambo ya Unguja waligoma mwaka 1928 kulipia viwanja walivyojengea vibanda vyao, hadi serikali ikalazimika kuingilia suala la kodi hizo. Nawaheshimu wote hao. Ila walikuwa maelfu, waligomea kiwango cha kodi kwa pamoja, na walikuwa wakiidai sheria ambayo bado haijaandikwa. Mwenye duka mmoja wa River Road tayari ana sheria. Akigoma peke yake hageuzi chochote nchini. Anaivunja ngao aliyokwisha kupewa.

Sasa mtego ambao wenye majumba wenye hila wanaufahamu vizuri. Tangu kesi moja ya mwaka 1596, iitwayo kesi ya Pennant, sheria ya Kiingereza inasema hivi: mwenye nyumba anayejua kwamba mpangaji amevunja masharti, kisha akapokea kodi ya siku zilizofuata, amemsamehe. Ndiyo maana mwenye jumba anayetaka kumtoa mtu huanza kwa kuikataa fedha yake. Namba ya kulipia inabadilishwa bila taarifa. Mlinzi wa jumba anaambiwa asipokee. Hundi inarudishwa. Mpangaji naye anafurahi kwamba mwezi huu amepumua, na hajui kwamba hesabu inaendelea kumwandamia.

Dawa ya mtego huu ni ileile ya 1730: fedha ionekane. Mpangaji aliyekataliwa aandike barua siku hiyohiyo kwamba amejaribu kulipa na amekataliwa, aambatishe ushahidi wa benki au wa simu, kisha aliombe Baraza limruhusu kuweka kodi kwao mpaka shauri liishe. Baraza lina mamlaka mapana kuliko wengi wanavyodhani. Mwenye jumba akishindwa kufanya ukarabati unaompasa, paa likavuja juu ya bidhaa, Baraza linaweza kuagiza kazi ifanyike kwa gharama yake, na mpangaji akaambiwa alipe kodi kwa Baraza mpaka gharama ile itimie, na risiti ya Baraza ikawa kinga kamili kwamba kodi imelipwa. Linaweza pia kumruhusu mpangaji akarabati mwenyewe akate gharama katika kodi. Neno zito hapo ni kumruhusu. Anayejikatia bila amri amejifanya hakimu wa kesi yake, kama wale mabwana wa 1267.

Na mwenye jumba anayeweka kufuli usiku amefanya lilelile. Hili nalisema kwa uchungu, maana kufuli limekuwa jambo la kawaida katika miji yetu. Mfanyabiashara anafika saa moja asubuhi akiwa na funguo mkononi, anakuta kufuli jingine limetiwa juu ya lake, na ndani kuna bidhaa za mkopo. Kwa upangaji unaolindwa na Sura ya 301, hata kukamata mali kwa sababu ya deni la kweli kunahitaji ruhusa ya Baraza kwanza. Dalali asiye na amri hana kazi mlangoni pako. Uingereza, iliyoianzisha dawa hii, iliifuta aina yake ya kale tarehe 6 Aprili 2014 na kuweka utaratibu mwembamba zaidi, wenye notisi na maofisa wenye leseni, kwa majengo ya biashara pekee.  Kenya ingali inarejea mila za Uingereza ambazo Uingereza yenyewe imeziacha, na naona ni aibu kwamba Bunge letu halijaligusa jambo hilo kwa umakini linaostahili.

Tanzania Bara ilipita njia nyingine. Mwaka 1971 majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa na serikali, na wapangaji wa Dar es Salaam wakajikuta na mwenye nyumba mmoja, Msajili wa Majumba, aliyekuja kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 nayo ilifutwa mwaka 2005. Leo mwenye fremu Kariakoo anategemea mkataba wake na Sheria ya Ardhi. Ametoa kilemba kuingia, akalipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele, kwa hiyo swali la kodi wakati wa mvutano linamjia kwa sura tofauti: fedha iko tayari mikononi mwa anayetaka kumtoa. Risiti na mkataba wa maandishi ndiyo ngao aliyobaki nayo.

Turudi Nairobi, maana nina ombi na linahusu karatasi. Fomu za notisi zinazotumika chini ya Sura ya 301 ziliwekwa kwa kanuni za mwaka 1966, na ziliwekwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Wanaopokea fomu hizo ni wauza simu, wenye saluni, wenye hoteli za chapati na maharagwe, washonaji, watu wanaonunua, kuuza na kugombana kwa Kiswahili kutwa nzima. Fomu inamweleza mpokeaji kwamba ana mwezi mmoja wa kujibu. Kuhusu kodi ya miezi ya kesi haimwambii kitu.

Nawaomba wanaosimamia Baraza, na waziri mwenye mamlaka ya kubadili kanuni hizo, wachape notisi kwa Kiswahili na waongeze mistari miwili mikubwa juu ya mahali pa sahihi. Wa kwanza useme kwamba kupinga notisi hakuondoi wajibu wa kulipa kodi kila mwezi. Wa pili useme kwamba mwenye jumba akikataa kodi, iwekwe kwa Baraza, na uonyeshe namba ya kuilipia. Kazi hiyo haihitaji kusubiri sheria mpya, na itaokoa maduka mengi ambayo sasa yanafungwa wakati wenyewe walikuwa na haki.

Nawe uliyepokea notisi wiki hii, hesabu siku zako kuanzia tarehe uliyotia sahihi. Jibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, peleka shauri lako kabla ya tarehe iliyotajwa, na kodi ya mwezi huu ilipe.